Visukuku: Somo la likizo linaloanza kwa kukatazwa kugusa

MWAKA 2009, mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyekuwa katika safari ya likizo kusini mwa jimbo la Utah, nchini Marekani, aliona kipande cha mfupa kikichungulia chini ya mwamba. Kilionekana kama ubavu wa mnyama, kitu cha kawaida katika eneo lile kame, na mtu mwenye haraka angekipita. Kwa kweli kilikuwa kimekwisha kupitwa. Siku chache kabla, wataalamu wawili wenye shahada zao walitembea hatua chache tu kutoka mahali hapo bila kubaini lolote.

Kijana hakuking'oa kipande kile, bali alimwita kiongozi wa msafara. Mawe ya jirani yalipochunguzwa, fuvu la kichwa likaonekana, na baadaye ikathibitika kuwa ndani ya mwamba ule umelala mwili karibu mzima wa dinosaria mchanga aliyekufa takriban miaka milioni 75 iliyopita. Mnyama huyo, wa jamii iitwayo Parasaurolophus, alipewa jina la utani la Joe.

Habari ya Joe imesimuliwa mara nyingi kama habari ya bahati. Bahati ilikuwapo, lakini haielezi yote. Kijana yule alikuwa amefundishwa nini cha kutazama na, zaidi ya hapo, nini cha kutofanya baada ya kuona. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo kiini cha kambi za sayansi ambazo vijana wa nchi kadhaa huhudhuria shule zinapofungwa. Kwa Marekani wakati huo ni kati ya Juni na Agosti, jua linapokuwa kali kuliko miezi mingine yote.

Shule aliyotoka kijana huyo, Webb, iliyoko mji wa Claremont katika jimbo la California, ina desturi hii tangu miaka ya 1930. Mwaka 1936 mwalimu wa shule hiyo, Raymond Alf, alikwenda na mwanafunzi wake Bill Webb kutafuta visukuku karibu na mji wa Barstow, katika jangwa la Mojave. Mwanafunzi ndiye aliyepata fuvu la pekari, mnyama wa Amerika anayefanana na nguruwe mwitu. Mtaalamu Chester Stock alipolichunguza aligundua kuwa ni la spishi ambayo sayansi ilikuwa haijaitambua, na mwaka 1937 akaipa jina la Dyseohyus fricki.

Tangu hapo safari za shule hiyo huitwa safari za pekari. Mifupa iliyookotwa iliongezeka hadi ikabidi ijengewe nyumba yake, na leo shule ina makumbusho kamili yenye jina la mwalimu Alf, ambayo sehemu kubwa ya vitu vyake imekusanywa katika safari ambazo wanafunzi walishiriki. Si jambo la kawaida kwa shule ya sekondari.

Neno kisukuku lenyewe linahitaji maelezo kidogo, kwani wengi hudhani ni mfupa wowote wa zamani. Mnyama anapokufa porini, kwa kawaida habaki. Fisi, tai, wadudu na bakteria humgawana, na jua na mvua humalizia kilichosalia. Ili mfupa uwe kisukuku hauna budi kufukiwa upesi, ama kwa tope la mafuriko, ama kwa mchanga wa mto, ama kwa majivu ya volkano. Ukisha kufukiwa, maji ya ardhini yenye madini hupenya katika vitundu vyake vidogo, na madini hayo huganda humo. Baada ya muda mrefu mfupa huwa mzito kama jiwe, ingawa umbo lake, hata mikwaruzo ya meno ya mnyama aliyeutafuna, hubaki.

Kisukuku si lazima kiwe mfupa. Jani lililobandikwa kwenye tope, ganda la konokono, kinyesi kilichogeuka jiwe na unyayo mtupu vyote huhesabiwa. Nyayo za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, ni visukuku vya viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, na hakuna hata kipande cha mfupa wao kilichobaki katika nyayo hizo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kijana hujifunza kambini ni kwamba kila kisukuku ni ajali iliyotokea kwa nadra. La pili ni kutembea polepole.

Utafutaji haufanywi kwa kuchimba ovyo. Mvua na upepo ndivyo vichimbaji vya kwanza, kwani humomonyoa kilima na kuacha vipande vya mifupa vikiteremka na kutawanyika chini. Vijana hupanga mstari na kupanda mteremko wakitazama ardhi, wakitafuta rangi isiyolingana na mawe, au ukingo wenye matundu madogo kama ya sifongo. Anayeokota kipande hafundishwi kuchimba pale alipokiokota, kwa kuwa karibu kila mara hapo si mahali kilipotoka. Hufundishwa kutazama juu. Vipande vikifuatwa hatua kwa hatua kuelekea kileleni, hufika mahali vinapokoma ghafla, na tabaka lililo mahali hapo ndilo linaloushikilia mwili wenyewe.

Ipo pia mbinu ya kienyeji ambayo wataalamu wenyewe huitumia bila haya. Mtu akishindwa kupambanua jiwe na mfupa hugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi. Jiwe halina habari na ulimi, lakini mfupa wenye vitundu huung'ang'ania kidogo. Huenda si kila mzazi angependa kusikia hivyo ndivyo mwanawe alivyotumia likizo.

Baada ya kupata, kinachofuata ni daftari, na hapa ndipo wengi wa vijana huchoka. Aliyeona mfupa anatamani kuushika. Anaambiwa asiuguse. Kwanza apige picha akiweka kipimo kando yake, aandike mahali ulipo kwa vipimo vya satelaiti, achore tabaka uliolala ndani yake, tabaka lililo juu na lililo chini, aeleze mfupa umeelekea upande gani na umekaribiana na mifupa ipi mingine. Kazi hiyo yaweza kuchukua saa nzima juani, kwa kipande kisichozidi urefu wa kidole.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi kwa yeyote aliyewahi kuona askari wa usalama barabarani wakipima eneo la ajali. Gari lililogongwa likisha kuvutwa kabla ya vipimo, shahidi mkuu amepotea, hata kama gari lenyewe lipo kituoni. Mfupa nao ni hivyo. Mfupa unaweza kusema ni wa mnyama gani. Umri wake, kama alikufa mtoni au nchi kavu, aliishi pamoja na nani, na mimea gani ilimzunguka, hayo yamo katika udongo ulioushika.

Suala la umri ndilo linalowashangaza zaidi wageni. Watu wengi huamini kwamba mtaalamu huupima mfupa wenyewe na kusoma miaka. Kwa visukuku vya mamilioni ya miaka haiwi hivyo. Kinachopimwa aghalabu ni majivu ya volkano yaliyo juu au chini ya mfupa. Katika majivu hayo mna fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa kasi isiyobadilika. Kwa kulinganisha kiasi cha gesi na kiasi cha potasiamu hujulikana volkano ililipuka lini.

Njia hii ilipata umaarufu mwaka 1961 ilipotumika Olduvai, bonde ambalo Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus Julai 1959. Wakati ule wengi walidhani fuvu hilo lina miaka laki kadhaa tu. Majivu yalipopimwa yakatoa miaka milioni 1.75, na hesabu ya historia ya binadamu ikabidi ianzwe upya. Kama fuvu lile lingeokotwa na kupelekwa mjini bila kumbukumbu ya tabaka, kipimo hicho kisingekuwa na maana yoyote, kwani hakuna ambaye angejua ni majivu yapi yanayolihusu.

Joe hakutolewa ardhini mwaka ule ule alioonekana. Mwili wake ulizungushiwa mtaro, ukafunikwa kwa karatasi laini na vitambaa vya gunia vilivyoloweshwa katika plasta, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika. Mwaka 2010 mzigo huo ulinyanyuliwa kwa helikopta, kwani barabara haikuwapo. Katika maabara ya makumbusho kazi ya kuondoa mwamba kwenye mifupa, chembe kwa chembe, ilitumia takriban saa 1,300. Kwa mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku, hiyo ni zaidi ya siku 160 za kazi. Filamu za dinosaria hazionyeshi sehemu hii.

Oktoba 2013 matokeo yalichapishwa katika jarida la PeerJ. Mwandishi mkuu alikuwa mtaalamu Andrew Farke, na miongoni mwa waandishi wenzake walikuwamo wanafunzi watatu wa sekondari ya Webb. Majina yao hayakuwekwa kwa hisani, kwani walikuwa wameshiriki katika utafiti.

Nini kiligunduliwa? Parasaurolophus anajulikana kwa kishungi kirefu cha mfupa kinachotoka kichwani kuelekea nyuma, chenye mirija ndani yake, ambacho inaaminika kilisaidia kutoa mlio. Swali lilikuwa kishungi hicho huanza kuota lini. Kipande cha mfupa wa mguu wa Joe kilikatwa kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kikatazamwa kwa hadubini. Mifupa ya dinosaria wengi huweka mstari kila mwaka, kama shina la mti linavyoweka duara. Mfupa wa Joe haukuwa na mstari hata mmoja. Alikufa hajatimiza mwaka, naye alikuwa na urefu wa karibu meta mbili na nusu, yaani robo ya urefu wa mkubwa wake. Hata hivyo kishungi kilikwisha kuanza kuchomoza, mapema kuliko kwa jamaa zake wa karibu. Kutokana na umbo la kishungi hicho kidogo, watafiti walikadiria kuwa mlio wa mtoto ulikuwa mwembamba kuliko wa wazazi wake.

Namna hiyo ya kusoma umri katika mwili wa kiumbe aliyekufa akiwa mdogo ina mfano wake hapa Afrika Mashariki, tena unaomhusu binadamu. Agosti 1984, kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto zilizofanana nacho kwa rangi. Kundi la Richard Leakey na Alan Walker lilikuwa katika mapumziko siku hiyo, naye alikuwa ametoka kutembea tu. Ufukuaji uliofuata ulitoa mifupa kamili kuliko yote ya binadamu wa awali wa zama zile, mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita na anayejulikana duniani kama Mvulana wa Turkana.

Kwa urefu wake, karibu meta 1.6, angedhaniwa kuwa kijana wa miaka 12 au zaidi. Lakini meno huweka mistari midogo yanapokua, kama mifupa ya dinosaria, na mistari hiyo ilipohesabiwa ilionyesha kuwa alikufa akiwa na miaka inayokaribia minane. Maana yake ni kwamba watoto wa jamii yake walikua upesi kuliko watoto wa leo, na utoto mrefu wa binadamu, ule unaotoa nafasi ya shule na likizo, ulikuja baadaye.

Kimeu, aliyefariki dunia Julai 2022, hakuwa na elimu ya chuo. Alichunga mifugo utotoni, akaajiriwa na familia ya Leakey mwaka 1960 kama kibarua wa kuchimba Olduvai, na akajifunza kwa macho. Mwaka 1964 ndiye aliyepata taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron. Vyuo vilikuja kumtambua akiwa mzee, na mwaka 2021 alitunukiwa shahada ya heshima ya udaktari na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani. Wale wanaosema kwamba kazi hii ni ya wageni wenye maabara wangefaa kuanza na maisha yake.

Hata hivyo malalamiko yana msingi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, kilima cha Tendaguru mkoani Lindi kilifukuliwa na mamia ya vibarua wa Kiafrika, wakisimamiwa kwa sehemu na Boheti bin Amrani, ambaye ustadi wake ulitambuliwa hata na Wajerumani waliomwajiri. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikasafirishwa kwenda Berlin. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, husimama katika makumbusho ya mji huo akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13. Mtoto wa Lindi akitaka kumwona hana budi kupanda ndege.

Siku hizi tishio jingine ni soko. Mwaka 2020 mifupa ya Tyrannosaurus iliyopewa jina la Stan iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 31.8 za Marekani, na Julai 2024 dinosaria mwingine, Stegosaurus aitwaye Apex, akavunja rekodi hiyo kwa dola milioni 44.6. Nchini humo kisukuku kilicho katika shamba la mtu ni mali ya mwenye shamba. Katika ardhi ya serikali mambo ni tofauti, kwani sheria ya mwaka 2009 inakataza kuchukua visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo bila kibali. Ni kwa sababu hiyo kambi za vijana hutumia muda mwingi kufundisha ramani na mipaka, somo ambalo mtoto anayetarajia dinosaria hulipokea kwa uso mrefu.

Faida ya somo hilo ilionekana mwaka 2022 katika jimbo la North Dakota. Watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka 10, walikuwa wakitembea na mzazi katika ardhi ya serikali walipokuta mfupa mkubwa wa mguu umetokeza. Badala ya kuuchimba walipiga picha na kuituma kwa mtaalamu waliyemfahamu katika makumbusho ya Denver. Kibali kilipopatikana, ufukuaji ulifanyika kiangazi cha 2023, na ndipo ilipobainika kuwa ni Tyrannosaurus kijana, mnyama ambaye mifupa yake ni adimu kuliko ya wakubwa. Makumbusho yalitangaza habari hiyo Juni 2024. Kama watoto wale wangeurudisha nyumbani mfupa mmoja kuwa pambo, huenda mingine ingebaki ikisagika kwa theluji na mvua.

Mmomonyoko haungoji, na hilo lahusu zaidi nchi zenye mvua za masika. Mvua inayofunua mfupa ndiyo hiyo hiyo inayouvunja. Kisukuku kilichokaa salama mamilioni ya miaka chaweza kuwa changarawe baada ya misimu michache tangu kilipotokeza, na wanaopita mahali hapo mara kwa mara ni wachungaji, wakulima na watoto waendao shule, ambao hawana habari ya kile wanachokanyaga.

Mwaka 2004, katika ukingo wa mto Mtuka kusini magharibi mwa Tanzania, mto ambao hukauka kiangazi, iligunduliwa mifupa ya dinosaria mwenye shingo ndefu. Ufukuaji uliendelea hadi mwaka 2008, na Februari 2019 mnyama huyo akatangazwa rasmi kwa jina ambalo halihitaji mkalimani: Mnyamawamtuka moyowamkia. Sehemu ya pili ya jina inatokana na mfupa mmoja wa mkia wenye umbo la moyo. Aliishi takriban miaka milioni 100 iliyopita. Ni vigumu kufikiria somo bora la kumwonyesha mwanafunzi kwamba sayansi yaweza kusemwa kwa lugha yake.

Kwa mkazi wa mjini mwenye watoto walio likizo, mwanzo hauhitaji helikopta. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi ndiyo yanayohifadhi mifupa ya Mvulana wa Turkana, na Olduvai ina makumbusho mapya yaliyofunguliwa mwaka 2017 ukingoni mwa bonde lenyewe, ambapo matabaka yanayotajwa vitabuni yanaonekana kwa macho, moja juu ya jingine, kwa rangi zake.

Na kwa anayekutana na mfupa wa jiwe shambani au kando ya korongo, utaratibu ni ule ule wa kambini. Uachwe ulipo. Upigwe picha, sarafu ikiwekwa kando kuonyesha ukubwa. Mahali paandikwe kwa usahihi, na taarifa ipelekwe kwa ofisi ya serikali iliyo karibu au makumbusho. Nchini Kenya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inampa mgunduzi siku saba za kutoa taarifa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo chini yake kuchimba bila leseni ni kosa.